Mhariri, mbona picha za bondingi ni za siku ya kwanza tu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua huwa mnataka barua fupi ila hii itakuwa ndefu, mkiona inawachosha kateni mnapotaka, lakini ile sehemu ya picha msiiguse maana ndo iliyonifanya nishike simu nianze kuandika.

Juzi kati mlitoa makala kuhusu bondingi ya meno, ile ya kubandikwa kompositi kwenye meno ya mbele ili yapendeze. Makala yenyewe sio mbaya, mwandishi kajitahidi, kaeleza vizuri kwamba ni ile ile dawa nyeupe wanayozibia meno ila hapa inatumika kurembea, inaziba mwanya, inarefusha jino fupi, inafunika doa, inarudisha kona iliyomeguka. Yote sawa. Lakini picha sasa! Kabla na baada, na hiyo ya baada mtu hata hajanyanyuka kwenye kiti, fizi bado nyekundu, midomo imekauka, meno yanang'aa kama sahani mpya. Mimi natembea na bondingi mdomoni huu mwaka wa nne na nawaambia ukweli, siku ya kwanza kila bondingi ni nzuri. Hata ile yangu iliyodumu wiki saba ilikuwa nzuri siku ya kwanza, nilipiga selfi kama kumi na tano.

Niwape kisa chenyewe. Nilimega jino la mbele kwa ujinga wangu mwenyewe, nilifungua chupa ya soda kwa meno, mtu mzima kabisa, na watu wananiangalia. Kizibo kikatoka na kona ya jino ikatoka nacho. Nikatema vyote viwili kwenye kiganja, nikatupa vyote viwili. Baadaye ndo naambiwa kumbe kile kipande ningekitunza kwenye maji au maziwa kisikauke, nikawahi kwa daktari, mara nyingi wanaweza kukirudisha palepale kwa gundi hiyohiyo ya bondingi na kinakaa vizuri kuliko kitu chochote cha kutengeneza maana ni jino lako, rangi yako. Hilo kwenye makala yenu halikuwepo na naona lingesaidia watu wengi kuliko ile aya ndefu ya mastaa.

Basi nikaenda sehemu ya kwanza. Sitaitaja, haina haja. Palikuwa pamejaa, yule kijana alikuwa na haraka, akaniwekea pamba mbili pembeni ya mdomo, akapaka vitu vyake, akapiga taa ya bluu, akasugua kidogo, dakika ishirini na tano nikawa nje. Rangi alichagua mwishoni, yaani nikiwa nimekaa mdomo wazi muda wote huo. Sasa hapa kuna kitu sikukijua, jino likikauka linakuwa jeupe zaidi, mate yakirudi baada ya saa kadhaa linarudi kwenye rangi yake. Kwahiyo yeye alilinganisha kompositi na jino lililokauka, nikatoka pale vinafanana, jioni najiangalia kwenye kioo naona kona nyeupe peeee kama chokaa na jino lenyewe liko kivyake. Nikajipa moyo kwamba itazoea. Haikuzoea, kompositi haizoei. Wiki ya saba napiga mswaki asubuhi nikasikia tik! kwenye sinki, kitu kikazunguka mara mbili na maji kikaondoka zake.

Daktari wa pili alikuwa mama mtu mzima, anaongea taratibu. Akaangalia lile jino kwa muda, akapitisha kile chuma chake chenye ncha pale palipobanduka, akaniambia, "Mwanangu, hii haijavunjika, hii haikushika." Nikamuuliza mama tofauti yake ni nini. Akasema ingevunjika ingeacha mabaki juu ya jino, hii imetoka nzima nzima kama stika.

Hapo ndo nilipata somo ambalo naona wasomaji wenu walinyimwa. Mtu akisikia kubandika anadhani ni gundi tu, unapaka unabonyeza basi. Mwenye kujua kazi ya ukuta atanielewa haraka, ukipiga rangi juu ya ukuta wenye unyevu au vumbi inapendeza siku ileile, halafu inaanza kuvimba na kutoka magamba. Jino nalo hivyohivyo. Ganda la nje la jino, enameli, karibu lote ni madini, linateleza, halishiki kitu. Kwahiyo kwanza linapakwa asidi ya fosforiki, siku hizi ni kama asilimia 37, inakaa sekunde 15 hadi 30, inaoshwa, jino linakaushwa. Inakula vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Halafu gundi yenyewe nyepesi kama maji inaingia kwenye vile vitundu, ikipigwa taa inaganda ndani mle, ndo inajishika kama mizizi. Mate yakigusa pale katikati ya kazi, hata tone, au damu ya fizi, vitundu vinazibwa na umeshapoteza. Huoni kitu kwa macho wala picha haionyeshi. Unakuja kukiona kwenye sinki.

Tena wazo la asidi lina historia tamu, nilimsikia huyo mama nikaenda kulitafuta mwenyewe. Mwaka 1955 daktari mmoja wa meno Marekani, Michael Buonocore, alijua kwamba viwandani wanapaka chuma asidi hiyo kabla ya rangi ili rangi ishike, akajiuliza kwanini isiwe kwenye jino. Yeye alitumia kali kweli, asilimia 85 kwa nusu dakika. Mwaka 1962 mwenzake Rafael Bowen akapata hataza ya ile resini, yaani utomvu unaoganda, ambayo mpaka leo ndo ukoo wa kompositi nyingi. Kwahiyo kimsingi ni ujuzi wa kupiga rangi ulioingia mdomoni, na ndo maana mfano wa ukuta naupenda, sikuutunga hewani.

Turudi kwa mama daktari. Siku ile hakunifanyia chochote! Nilikasirika sana manake nilikuwa na sherehe Jumamosi. Alinipiga eksirei kuona kama mzizi haukudhurika, akasema jino lililopata kishindo linaweza kufa polepole ndani na kubadilika rangi miezi au hata miaka baadaye, ukilifunika bila kuangalia umefunika tatizo. Halafu akabonyeza fizi ikatoka damu. Akasema fizi inayotoka damu siibandikii kitu, akanisafisha ukoga, akaniambia kasukutue, kapitishe uzi kila usiku, rudi baada ya wiki mbili. Kwenye sherehe nilicheka kwa kufunga mdomo.

Niliporudi kitu cha kwanza kabla hata hajanilaza ni rangi. Meno bado yana mate, pembeni ya dirisha, akachukua kipande kidogo cha kompositi akakiweka juu ya jino bila gundi, akakipiga taa, akanipa kioo niangalie, akakibandua akaweka cha rangi nyingine, mara tatu. Halafu akanivalisha mpira, kile kitambaa cha mpira chenye matundu kinachoacha meno tu nje na mdomo wote unabaki nyuma yake. Sio raha, unajisikia kama umewekwa kwenye bahasha, unameza mate kwa shida, ila angalau pumzi yako na mate yako havifiki kwenye kazi. Akapaka asidi anahesabu kwa sauti. Alipoosha na kukausha akanionyesha, jino pale limekuwa jeupe fifi kama chaki, akasema ukiona hivi ndo tayari. Gundi, hewa, taa. Kisha kompositi kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka, hakuna lililozidi milimita 2 maana taa haifiki chini vizuri likiwa nene, na pia resini ikiganda huwa inasinyaa kidogo, ukiweka donge moja kubwa inavuta kingo. Ndani akaweka rangi nzito inayofanana na ule mwili wa jino, nje akaweka nyepesi inayopitisha mwanga kwenye ncha. Sindano ya ganzi hakuna, maumivu hakuna.

Mimi nikajua tumemaliza. Kumbe bado, kusugua kulichukua muda mrefu kuliko kubandika. Visahani kama msasa, vya kukwaruza kwanza halafu laini halafu laini zaidi, halafu brashi na polishi. Akaning'atisha ile karatasi ya rangi inayoacha alama meno yanapogongana, uma mbele, sogeza kushoto, sogeza kulia, saga, kila pakitokea alama nzito anapunguza. Nilitumia saa moja na dakika arobaini kwa jino moja. Jino moja, Mhariri! Nyie mliandika meno sita kwa saa moja kama vile ni kitu cha kujisifia. Labda wapo wenye mikono hiyo, sibishi, ila mimi nikisikia saa moja kwa sita naanza kuuliza ni kipi kimerukwa.

Sasa nije kwenye miaka iliyofuata ambayo ndo hakuna anayeipiga picha. Mwaka wa kwanza sikukumbuka kabisa kama nina kitu mdomoni. Mwaka wa pili ile mng'ao ya kioo ikapungua, ulimi unausikia kwanza kabla jicho halijaona, panakuwa hapatelezi sana ukilinganisha na jino la pembeni. Nikaenda nikapigwa polishi dakika kumi, ikarudi. Mwaka wa tatu pembeni kabisa kikamomonyoka kipande kama punje ya mchanga, akakwaruza akaongeza palepale, hakung'oa yote. Hilo ndo naipendea bondingi kuliko kitu kingine, inakubali viraka. Meno ya porseleni, yale ya kauri, yakipasuka mara nyingi unaanza upya. Mwaka huu wa nne kwenye ule mstari inapokutana kompositi na jino kumeanza kuwa na uzi mwembamba wa rangi ya chai. Mimi ni mtu wa chai na kahawa siwadanganyi. Ukiwa mvutaji wa sigara ndo kabisa.

Madaktari wengi wanataja miaka 5 hadi 10, wengine wanashuka mpaka 3, na inategemea sana ipo wapi na mdomo wa nani. Iliyowekwa ubavuni mwa jino kuziba mwanya inaishi kwa amani kuliko iliyowekwa kwenye ncha inayogongana na meno ya chini kila ukiuma. Anayesaga meno usingizini, anayekula kucha, anayetafuna kalamu, anayekata selotepu kwa meno (najijua), hao wasitegemee sana. Wa kusaga meno anatakiwa atengenezewe kinga ya kulalia.

Kuna jambo la weupe nalo mmelipita haraka sana. Kompositi haing'arishwi. Dawa ya kung'arisha meno inafanya kazi kwenye jino, kwenye kompositi haibadilishi rangi yake ya asili. Nina mfanyakazi mwenzangu alianza na bondingi meno manne, yakapendeza, mwaka mmoja mbele akanunua dawa ya kung'arisha, meno yake ya asili yakapanda weupe na yale manne yakabaki yalipokuwa, akawa kama ana meno ya watu wawili. Ilibidi abadilishe yote manne. Anayetaka vyote viwili aanze kung'arisha, asubiri kama wiki mbili hivi rangi itulie na ile oksijeni ya dawa itoke kwenye jino, maana ikiwepo inaharibu gundi kushika, ndo abandikwe. Mstari mmoja tu wa gazeti, ungewaokoa watu pesa na aibu. Halafu zile dawa za mswaki za mkaa na za kung'arisha zenye chengachenga zinakwaruza polishi yote, na ile ya kusukutua yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ukiitumia muda mrefu inaacha madoa ya kahawia, hata kwenye meno ya kawaida.

Kulinganisha na vinia za porseleni, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino, mlikogusia mwishoni, hapo mlikuwa sawa ila mmeogopa kusema wazi. Vinia inadumu zaidi, mara nyingi miaka 10 hadi 15, na rangi haishiki kirahisi. Lakini kwa kawaida jino linachongwa, na enameli iliyochongwa hairudi, haina chembe hai za kuiotesha tena, ukishaanza vinia umeanza, ikiisha unaweka nyingine mpaka siku yako ya mwisho. Bondingi mara nyingi haichongi kitu, au inakwaruza kidogo mno. Kijana wa miaka 15 aliyevunja jino akicheza mpira, fizi zake bado hazijatulia, ukimpeleka kwenye vinia mimi nakushangaa. Mbandikie, akikua ataamua mwenyewe. Na mwenye mwanya wake anaoupenda msimpigie kelele auzibe, mwacheni nao.

Lililonikera zaidi ya yote ni ule mstari wenu usemao siku hizi "hata saluni za urembo zinafanya". Jamani! Mliandika kama habari njema. Binamu yangu alifanyiwa hivyo, na mtu anayeweka kucha na kope, mtu mzuri tu, ana mikono safi, lakini sio daktari wa meno. Hakuangalia fizi, hakupiga eksirei, hakuuliza chochote. Meno nane. Siku ya kwanza picha ilipendwa mno mtandaoni. Tatizo kompositi ilikuwa imesukumwa mpaka chini ya fizi na kati ya jino na jino imeunganishwa, yaani meno nane yamekuwa ukuta mmoja, uzi haupiti, chakula kinaingia kwa nyuma hakitoki. Mwezi wa pili fizi zimevimba, zinatoka damu hata akila ndizi, na harufu ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaificha kwa pipi za minti. Alikaa kwa daktari karibu siku nzima anakwaruziwa, maana kuitoa kompositi bila kula enameli ni kazi kuliko kuiweka, zimefanana rangi huoni mpaka. Mawili kati ya yale meno nane yalikuwa yameshaanza kuoza chini ya kompositi, yalifunikwa hivyohivyo. Na hizo pakti za kujibandikia mwenyewe nyumbani nazo ni hadithi hiyohiyo, ile resini mbichi ambayo haikuganda vizuri inachubua fizi na inaweza kumpa mtu aleji, na ile taa ya bluu sio ya kuangalia kwa macho, mnaona kwanini daktari anashika kile kioo cha rangi ya chungwa.

Sisemi watu wasifanye. Mimi nilifanya, nimefurahi, nacheka mdomo wazi. Ninachowaomba ni kwamba mkiandika tena muulizeni daktari picha ya mgonjwa wake wa mwaka wa tatu au wa nne, sio aliyetoka kitini sasa hivi. Kama anazo atawaonyesha kwa fahari, yule mama mimi alinionyesha kwenye kompyuta yake kabla sijamlipa chochote, pamoja na mbili zilizoharibika, akanieleza kwanini ziliharibika. Yule wa kwanza sikumuuliza, na sidhani kama angekuwa nazo.

Mwezi ujao narudi kupigwa polishi na kutolewa ule uzi wa chai. Nimeshapiga picha ya sasa kwa karibu, bila filta, pembeni ya dirisha, mstari unaonekana na kona ilipowekwa kiraka inaonekana ukiitafuta. Nikitoka nitapiga nyingine nizitume zote mbili, mkitaka kuchapisha chapisheni zote, mkichapisha ya pili peke yake nitaandika tena.

Msomaji wenu wa siku nyingi
(jina mnalo, naomba lisitoke)